Fomu ya Kukata Tamaa

Iko nchi moja upande ule ambao ramani imekunjwa, ndiyo maana watu wengi hawajawahi kuiona. Jina lake tuliache, kwa kuwa wenyewe hawapendi kutajwa na watu wasio na kibali. Ni nchi iliyojaliwa kila kitu: ina mlima, ina mto, na ina Wizara ya Ufaulu.

Wizara hiyo iliundwa baada ya wakubwa kugundua kwamba mtoto akifeli mzazi husikitika, na mzazi akisikitika hupiga kura vibaya. Basi kufeli kukapigwa marufuku. Tangu hapo, siku ya mtihani wa darasa la saba, kila mwalimu huingia darasani na karatasi ya majibu, hufunga mlango, kisha huwapa watoto kile wanachokiita "mwanga". Mwanga hutolewa polepole, kuanzia swali la kwanza hadi la hamsini, na mtoto asiyejua kuandika husaidiwa kwa kushikwa mkono. Wala hakuna anayeona haya, maana jambo likishafanywa na wote huitwa utaratibu.

Mwaka ninaousimulia, Mheshimiwa Waziri alitangaza redioni kwamba watoto waliofaulu walikuwa asilimia mia moja na nne. Zile nne za ziada, alisema, zilitokana na juhudi. Kisha akakohoa, na wananchi wakajua kuna jambo. Shule moja, alisema kwa uchungu, Shule ya Msingi Ng'ambo, imefelisha darasa zima, watoto thelathini na mmoja, na aliyefanya hivyo anajulikana.

*

Aliyefanya hivyo alikuwa Mwalimu Sikudhani Mlewa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusikika mpaka kisimani, aliyekuwa amefundisha hesabu kwa miaka ishirini na minne na kuvaa vumbi la chaki begani kwa muda huo huo. Msidhani alikuwa shujaa. Kosa lake lilikuwa udadisi tu. Kila alipopewa karatasi ya majibu aliuliza, "Nikiwaambia mimi, nitajuaje kama wameelewa wao?" Wenzake walicheka sana, maana swali lenyewe halikuwa na jibu kwenye karatasi.

Basi darasa lake likafanya mtihani gizani, bila mwanga, na matokeo yakawa ya gizani. Aliyeongoza alipata kumi na moja kwa hamsini. Mashaka, kiranja wa darasa, alipata saba. Chausiku, binti mtulivu wa dawati la nyuma, aliandika tisa kwenye kila swali, hata pale palipoulizwa pembetatu ina pande ngapi, akapata mbili kwa sababu majibu mawili kwa bahati yalikuwa tisa.

Mwalimu Sikudhani alizipitia karatasi zile kwa mapenzi ya mama anayechambua mchele. "Huyu amejumlisha vizuri kabisa," alijisemea, ingawa swali lilikuwa la kugawanya. "Huyu kakosa, lakini ona mstari wake ulivyonyooka." Kwa Chausiku alikwama kidogo, akaenda kumwuliza mwenyewe.

"Chausiku mwanangu, kwa nini tisa?"

"Ulisema tusiache nafasi wazi, Mwalimu."

"Na kwa nini isiwe nane?"

Chausiku aliwaza. "Nane nilikuwa sina uhakika nayo."

Mwalimu Sikudhani alirudi ofisini ameridhika. Mtoto mwenye msimamo namna ile, aliona, ni suala la muda tu.

*

Mwalimu mkuu, Mzee Lubango, hakuona hivyo. Alikuwa mtu mwema aliyebakiza miezi mitano astaafu, na alitaka miezi hiyo ipite bila kusikika.

"Mwalimu Sikudhani, umeniua," alisema.

"Shikamoo, mwalimu mkuu."

"Marahaba. Umeniua." Akaweka mezani rundo la karatasi za rangi ya waridi. "Zimeletwa na dereva wa Wizara. Jaza, usaini, tulale."

Zilikuwa Fomu za Kukata Tamaa, nakala tatu kwa kila mtoto, wino mweusi, herufi kubwa. Ndani ya fomu hiyo mwalimu hutamka, kwa hiari yake na akiwa na akili timamu, kwamba mtoto aliyetajwa hapo juu hafundishiki, hakufundishika, wala hatafundishika. Ikishapigwa muhuri, mtoto huhamishiwa Idara ya Makofi na Vigelegele, ambako hupakiwa kwenye lori na kupelekwa kila penye hotuba mpaka afikishe miaka sitini. Huko vitabu haviruhusiwi. Macho ya mpiga makofi, inasema kanuni, yanatakiwa yamtazame mgeni rasmi ili yajue amenyamaza saa ngapi.

"Kuna pilau kila Jumamosi," alisema Mzee Lubango kwa upole. "Wazazi wenyewe hawajalalamika sana."

"Na mtoto akitaka kutoka?"

"Atoke aende wapi? Mwalimu, asiyekubali kushindwa si mshindani."

"Mimi sishindani na mtu, mwalimu mkuu. Mimi nafundisha." Akalisukuma rundo lile likarudi upande wa pili wa meza. Mzee Lubango alilitazama, akaenda kujilaza stoo kwenye magunia ya mahindi.

*

Wizara haikuwahi kukutana na mwalimu aliyekataa kukata tamaa, kwa hiyo hapakuwa na fomu yake. Ikaundwa Tume ya Kuchunguza Matumaini Yasiyo na Kibali. Ilikuwa na wajumbe wanne na mwenyekiti, Mheshimiwa Profesa Balozi Meja Mstaafu Kondo Msifuni, ambaye kila cheo chake kilitakiwa kusalimiwa peke yake. Siku Mwalimu Sikudhani alipoitwa mbele ya Tume, shikamoo zilichukua dakika arobaini.

"Ndugu wananchi, na wewe mtuhumiwa," alianza Mwenyekiti. "Serikali haipingi matumaini. Serikali ndiyo mtengenezaji mkuu wa matumaini hapa nchini. Lakini matumaini hayawezi kuachwa yazagae mikononi mwa watu binafsi. Leo mwalimu anatumainia watoto, kesho mwananchi ataamka atumainie barabara. Tutafika wapi?"

Wajumbe walitikisa vichwa kwa huzuni.

"Mwalimu, una ushahidi gani kwamba watoto hawa wataelewa hesabu?"

"Sina, Mheshimiwa."

"Huna?"

"Ningekuwa nao ningewaonyesha watu, yakaisha. Kwa kuwa sina, ndiyo naamini."

Karani aliuliza kama hayo nayo yaandikwe. Tume ikajadiliana hadi chakula cha mchana, na baada ya chakula ikawa na huruma. Mwalimu alipewa wiki tatu. Mwisho wake, watoto wangeulizwa swali moja la hesabu hadharani. Akipata hata mtoto mmoja, darasa zima lingebaki shuleni. Wakikosa wote, Tume ingekata tamaa kwa niaba ya mwalimu, na lori lingeondoka nao saa hiyo hiyo.

"Mmoja tu?" aliuliza Mwalimu Sikudhani.

"Mmoja tu," alisema Mwenyekiti, "lakini awe mzima."

*

Wiki ya kwanza alifundisha kwa maharage, kwa visoda, kwa vidole vya mikono na vya miguu. Mashaka aligundua kuzidisha siku ya Jumanne, akashangilia uwanja mzima, na Jumatano akawa amesahau. Alhamisi Chausiku aliacha kuandika tisa akaandika kumi na mbili. Jibu lilikuwa arobaini, lakini Mwalimu Sikudhani alikimbia mpaka stoo kumwamsha Mzee Lubango. "Ameongeza!" alimwambia.

Wiki ya pili haikuwa na masomo. Ililetwa barua kwamba kwa kuwa Tume itakuja kupima kama watoto wanasoma, watoto waache kusoma waandae mapokezi. Wakapaka mawe chokaa, wakafagia mchanga, wakasimika bendera upande mmoja wa njia ya kuingilia shuleni kwa vipimo vya Mwongozo wa Kupokea Wageni. Mwalimu alisimama dirishani na chaki mkononi, akiwatazama wakiburuta kamba ya kupimia juani.

Wiki ya tatu, siku ya Jumatano, aliwapa swali moja jepesi: arobaini na nane gawanya kwa sita. Watoto thelathini walikosa. Wa thelathini na moja alikuwa ameenda chooni.

Walipotoka kwa mapumziko alikaa kwenye dawati la nyuma, dogo kwake, akatoa kwenye mkoba fomu moja ya waridi, aliyoichukua ofisini kwa Mzee Lubango. Roho ilimuuma. Kwa mara ya kwanza katika miaka ile yote aliogopa kwamba huenda anawapenda tu, na kwamba mapenzi yamemtia upofu, na kwamba dunia nzima inaona jambo ambalo yeye peke yake amekataa kuliona. Angalau kule kuna pilau. Akafungua kalamu.

Chausiku aliingia kuchukua ufagio. "Mwalimu, unafanya nini?"

"Najaza fomu."

"Ni ngumu?"

"Ngumu sana, mwanangu."

Chausiku alichungulia karatasi, akamhurumia. "Likikushinda ruka, fanya linalofuata. Utalirudia mwishoni."

Maneno hayo Mwalimu Sikudhani alikuwa ameyasema darasani maelfu ya mara, na hii ndiyo mara ya kwanza alipata ushahidi kwamba kuna mtu aliyasikia. Akacheka peke yake kwa muda mrefu, akafunika kalamu.

*

Siku ilipofika, lori la Idara ya Makofi lilitangulia, likaegeshwa langoni injini ikinguruma. Nyuma yake ikaja Tume na vyeo vyake. Baada ya shikamoo, Mwenyekiti alisoma swali, lililotungwa na Wizara kwa wiki tatu mfululizo kutoka kwenye kitabu pekee cha Wizara chenye namba, yaani ule Mwongozo wa Kupokea Wageni:

"Mgeni rasmi atapita kwenye njia yenye urefu wa meta mia moja na ishirini. Upande mmoja wa njia zimesimikwa bendera, kila baada ya meta sita, kuanzia mwanzo kabisa wa njia hadi mwisho wake kabisa. Je, ni bendera ngapi?"

Watoto waliandika, wakafuta, wakaandika. Wawili walilia kidogo. Nusu saa ilipokwisha karatasi zilikusanywa, na Mwenyekiti akakata lakiri ya bahasha ya majibu mbele ya watu wote. Ilikuwa tupu.

"Majibu yako wapi?"

"Yalivuja, Mheshimiwa," alisema karani. "Wiki iliyopita, kama ilivyo desturi. Nasikia yamefungiwa karanga pale sokoni."

"Basi aletwe mwenye karanga."

"Zimeisha, Mheshimiwa."

Tume ikatazamana. Mjumbe wa kwanza alisema kukokotoa hakumo katika hadidu za rejea. Wa pili alikuwa bingwa wa historia ya bendera, si idadi yake. Wa tatu na wa nne walikiri kwamba wao walifaulu katika mwaka wa mwanga mkali. Wote wakamgeukia Mwenyekiti, naye akasema uprofesa wake ni wa jumla.

Mwishowe ilibidi wamwombe mtuhumiwa awe msahihishaji.

Mwalimu Sikudhani alisogea ubaoni. Lori lilikuwa linanguruma, watu watano wamemkodolea macho. Akaandika mia moja na ishirini, akagawanya kwa sita, akapata ishirini, akaipigia mistari miwili. Kisha akaanza kupitia karatasi. Mia saba na ishirini. Mia moja ishirini na sita. Mia moja na kumi na nne. Mmoja aliandika "nyingi". Mashaka aliandika mia mbili pamoja na za akiba. Alipitia karatasi thelathini bila kuiona ishirini hata moja. Karatasi ya Chausiku ilikuwa ya mwisho, na ilikuwa na ishirini na moja.

Moja tu imezidi. Alitamani kukaa chini.

"Haya, Mwalimu," alisema Mwenyekiti. "Wamepata au wamekosa?"

Hapo ndipo alipoelewa kwamba mle ndani hapakuwa na mtu wa kumbishia. Neno moja lingetosha. Aseme "amepata", lori liondoke, watoto wabaki, na nchi nzima isijue kamwe. Akawatazama watoto usoni mmoja mmoja, wakamtazama kwa macho ya watu wanaongoja kuambiwa kweli, kwa sababu hawakuwahi kuambiwa kingine na mama huyu. Akashindwa.

"Wamekosa, Mheshimiwa," alisema, na sauti iliyozoea kufika kisimani haikufika hata mlangoni. "Wote."

Mwenyekiti alisimama kwa furaha iliyojificha ndani ya majonzi. "Ndugu wananchi, wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Hawa wamekauka." Watumishi wa Idara wakaingia na mafurushi ya sare.

Nyuma kabisa mkono ulikuwa juu, vidole vikilizwa.

"Mwalimu, samahani."

"Kaa chini, Chausiku, mwanangu."

"Mwalimu, umekosea wewe."

Mzee Lubango alishika fremu ya mlango asianguke. Chausiku akaendelea, macho chini, mikono nyuma, kama anavyotakiwa mtoto anayezungumza na wakubwa. "Sita mara ishirini ni mia moja na ishirini, hapo umepata. Lakini ishirini ni nafasi, Mwalimu, siyo bendera. Nafasi ya kwanza haijaanza, bendera ya kwanza imeshasimama. Na sisi tulikosea hivyo hivyo. Mimi na Mashaka tulichukua ishirini, tulipofika mwisho wa njia tukapungukiwa, tukarudi kuomba nyingine. Kahesabu."

Mwalimu Sikudhani hakuomba ruhusa ya mtu. Alitoka mbio, kanga ikimdondoka, akashuka na ile njia hadi langoni akigusa kila mti wa bendera na kuhesabu kwa sauti, na mle darasani walimsikia vizuri: kumi na nane, kumi na tisa, ishirini. Kisha "ishirini na moja!" ikafika kisimani.

Alirudi anahema, akaikata ishirini yake ubaoni kwa alama ya kosa, kubwa, nyekundu. "Nimekosea!" aliwaambia watu wa Tume, anacheka na kulia. "Mimi ndiye niliyekosea, Mheshimiwa! Mtoto amepata!" Tangu aanze kazi hakuwahi kufurahi vile.

*

Tume ilinong'ona kwa muda. Kisha Mwenyekiti akasoma uamuzi: watoto wabaki. "Hata hivyo," alisema, "lori la serikali likitoka haliwezi kurudi tupu. Kuna kifungu. Na humu ndani yupo mtu aliyekosa swali hadharani, akakiri mara mbili."

Mwalimu Sikudhani aliacha kucheka.

Tatizo likawa nani amkatie tamaa. Kanuni inataka fomu ijazwe na mtu aliyekaa darasani na mhusika kwa muda usiopungua miaka miwili na anayeyajua maendeleo yake. Watu wa namna hiyo walikuwepo thelathini na mmoja. Mwenyekiti akampa Mashaka fomu ya waridi na kalamu, akamkumbusha kwamba isiyo na sahihi haipigwi muhuri, na asiyepigwa muhuri hapandi lori, kwa hiyo asisahau kusaini.

Watoto walikusanyika dawati la nyuma, vichwa vimegusana. Walikawia, kwa sababu walikuwa watu wa kwanza katika historia ya nchi ile kuisoma fomu yote, hata maandishi madogo ya chini. Walibishana. Mtu mmoja alifuta kitu, mwingine akaandika tena. Mwalimu wao alikaa mbele kwenye kiti, mikono mapajani, anasikiliza injini ya lori na kuhesabu miaka iliyobaki mpaka afikishe sitini. Aliwaza kwamba wakisaini hatawalaumu, maana amewafundisha kuandika kweli, na kweli ni kwamba alikosa.

Mashaka alikuja na fomu kwa mikono miwili.

"Sahihi iko wapi?" aliuliza Mwenyekiti.

"Hatujasaini, Mheshimiwa. Tunaomba tubaki naye mwaka mwingine, tumwangalie."

Mwalimu Sikudhani alijifunika uso kwa kanga.

"Kwa sababu zipi?"

"Tumeziandika hapo chini, Mheshimiwa."

Mheshimiwa Profesa Balozi Meja Mstaafu Kondo Msifuni akaisogeza karatasi karibu na miwani, akasoma kwa sauti ya hotuba, kwa kuwa hakuwa na nyingine:

"Ana uwezo. Aongeze bidii."